Uinjilisti kwa Wayahudi wakati wa ugaidi: tumtazame Jane Haining wa Budapest

Wanabodi, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu wa imani nyingine, salaam kwenu.

Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Naomba tusome kwanza ndipo tuchangie, na kejeli za dini tuziache mlangoni.

Tangu tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walipovamia kusini mwa Israeli, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka 251, makundi yetu ya maombi yamekuwa yakizungusha ujumbe wa aina moja: Wayahudi wamevunjika moyo, sasa watasikia, huu ndio wakati wa mavuno, tuma mchango wako. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kule wakijifunza kilimo waliuawa siku hiyo hiyo, kwa hiyo msiba huu uliingia mpaka majumbani kwetu. Najua wengi wanaochangia wanachangia kwa moyo safi.

Mimi ni Mkristo na naamini Injili ni ya Myahudi pia. Warumi 1:16 iko wazi, kwa Myahudi kwanza, na sitauficha mstari huo ili nionekane mstaarabu. Lakini kumhesabu mtu aliyetoka kuzika mtoto wake kuwa ni shamba lililoiva, hilo linaniumiza. Nataka nieleze kwa kutumia maisha ya mtu aliyetumwa rasmi na kanisa lake kufanya kazi kati ya Wayahudi, akakutwa na ugaidi wa dola akiwa kazini. Wengi hapa hawajamsikia.

KIPANDE CHA KWANZA

Mwaka 1839 Kanisa la Scotland lilituma wachungaji wanne kwenda Palestina kuangalia hali ya Wayahudi. Wawili wao, Robert Murray M'Cheyne na Andrew Bonar, bado wanatajwa sana na wapenzi wa historia ya uamsho. Mwenzao mkubwa kwa umri, Dkt. Black, alianguka kutoka juu ya ngamia, ikabidi yeye na Dkt. Keith watangulie kurudi wakipitia mto Danube. Walipofika Pest, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, Keith akaugua akawa hoi kabisa. Maria Dorothea, mke wa mtawala aliyeiongoza Hungaria kwa niaba ya mfalme, mwanamke mcha Mungu, ndiye aliyewahudumia na kuwatia moyo waanzishe kazi pale. Hakuna kamati iliyokuwa imepanga Budapest. Mwaka 1841 misheni ikafunguliwa, na miaka michache baadaye ikawa na shule.

Kusudi la misheni ile halikufichwa kwa mtu: kuwapelekea Wayahudi habari za Yesu. Alfred Edersheim, Myahudi ambaye vitabu vyake juu ya maisha ya Yesu vinasomwa mpaka leo, aliamini pale. Wazazi wengi wa Kiyahudi walipeleka binti zao katika shule hiyo kwa sababu ilifundisha vizuri, wakijua kabisa ni shule ya Kikristo.

Jane Haining alizaliwa mwaka 1897 huko Dunscore, kijiji cha wakulima kusini mwa Scotland. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alifanya kazi za ofisini kwa miaka kumi katika kampuni ya nyuzi mjini Paisley, na mwaka 1932 akaenda Budapest kuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule ile. Hakuwa mchungaji wala mhubiri wa jukwaani. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba watoto wamekula, wameoga, wamesali na wamelala salama. Alijifunza Kihungaria mpaka akakimudu.

Kuanzia 1938 Hungaria ikaanza kutunga sheria dhidi ya Wayahudi, moja baada ya nyingine. Vita ilipoanza mwaka 1939 Jane alikuwa likizo Uingereza. Akapanda treni akarudi Budapest. Mwaka 1940 kanisa lake likawaamuru wamisionari warudi nyumbani. Akakataa, na alipoambiwa tena akakataa tena. Maneno yake yamehifadhiwa: kama watoto hawa walinihitaji siku za jua, je, si zaidi sana watanihitaji siku za giza?

Chakula kikawa shida. Siku za soko aliamka alfajiri mapema kwenda kutafuta chochote cha kuwalisha. Viatu vya wasichana vilipotoboka akalikata sanduku lake la ngozi, lile la kusafiria, akatia soli mpya. Kwangu hapa ndipo moyo wa habari hii ulipo. Mtu aliyeagizwa kuondoka anakata sanduku lake la safari ili mtoto wa Kiyahudi asitembee peku kwenye theluji.

Wajerumani waliingia Hungaria tarehe 19 Machi 1944. Mwanzoni mwa Aprili ikatoka amri kwamba kila Myahudi avae nyota ya njano. Matroni ndiye aliyelazimika kuzishona kwenye nguo za watoto, na alizishona akilia. Mwezi huo huo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakaja. Inasimuliwa kwamba aliyemchongea ni mkwe wa mpishi, ambaye Jane alikuwa amemkaripia kwa kula chakula cha watoto. Alipewa dakika 15 tu za kujiandaa.

Sasa someni mashtaka. Kwamba amefanya kazi kati ya Wayahudi. Kwamba alilia alipoona wasichana wamevaa nyota. Kwamba anasikiliza BBC. Kwamba anapokea wageni Waingereza, anawatembelea wafungwa wa vita Waingereza na kuwapelekea vifurushi. Kwamba anajihusisha na siasa. Alikubali yote isipokuwa siasa.

Mwezi Mei akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akachorwa namba 79467 mkononi. Kati ya tarehe 15 Mei na 9 Julai mwaka huo Wayahudi wapatao 437,000 walisombwa kutoka Hungaria, karibu wote kwenda kambi hiyo hiyo. Kwa mujibu wa cheti kilichotumwa kwa kanisa lake, Jane alikufa tarehe 17 Julai 1944. Alikuwa na miaka 47. Mwaka 1997 Yad Vashem, taasisi ya Yerusalemu inayotunza kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ilimpa heshima ya Mwenye Haki kati ya Mataifa, na leo sehemu ya ukingo wa Danube jijini Budapest ina jina lake.

KIPANDE CHA PILI: NIMEONA MASWALI

"Mkuu, kwa hiyo unasema alinyamaza kuhusu Yesu? Huo utakuwa ustawi wa jamii, siyo Injili."

Hapana ndugu yangu, hakunyamaza. Biblia ilifundishwa, nyimbo ziliimbwa, wazazi walijua tangu siku ya kuandikisha mtoto. Huo uwazi ni muhimu sana kwangu. Ninachosema ni kwamba giza lilipoingia hakuligeuza kuwa chambo. Hakuwaambia watoto kwamba nyota ya njano imewapata kwa sababu babu zao walimkataa Masihi. Wako wahubiri waliosema hivyo miaka ile, na mwaka 2023 nimeyasikia kwa Kiswahili, kutoka madhabahuni.

Tena fikiria presha ya wakati ule. Wayahudi wengi wa Hungaria walikimbilia ubatizo wakitumaini cheti kitawaokoa. Sheria za 1939 na 1941 ziliangalia ukoo wa mtu, hazikuangalia imani yake, kwa hiyo cheti hakikuwa ngao ya uhakika, ingawa wapo ambao karatasi iliwapa siku chache za kujificha. Mchungaji anaamkia mlango unagongwa, familia nzima imesimama nje inaomba kubatizwa. Utafanya nini? Utawauliza katekisimu? Utawaandika kwenye ripoti ya mwaka kuwa ni waongofu? Mimi nasimama na wale waliotoa kila walichoweza kuokoa uhai wa mtu, bila kuuhesabu kuwa ushindi wa kanisa.

Mfano wa hilo upo jiji hilo hilo. Kulikuwa na kamati ya Waprotestanti iliyoitwa Mchungaji Mwema, iliyoanzishwa kuwasaidia Wakristo wenye asili ya Kiyahudi. Mwaka 1944 mchungaji wa Kilutheri Gábor Sztehlo akapewa kazi ya watoto. Hakuishia kwa waliobatizwa. Alifungua nyumba 32 chini ya kivuli cha Msalaba Mwekundu, akaficha watoto zaidi ya 1,500, na wakati wa mapigano ya kuugombea mji alikuwa na baadhi yao kwenye handaki la nyumba. Baada ya vita aliwaundia watoto yatima mji wao, Gaudiopolis, ambamo watoto wa Kiyahudi waliofiwa walikaa meza moja na watoto wa waliokuwa wafuasi wa mafashisti. Yad Vashem walimtambua mwaka 1972.

Na mfano wa upande wa pili, nauleta kwa uchungu. Ufaransa, mwaka 1944, daktari wa Kiyahudi aitwaye Finaly na mkewe walisombwa wakauawa. Watoto wao wawili wa kiume walihifadhiwa na mwanamke Mkatoliki huko Grenoble. Vita ikaisha, mashangazi wakajitokeza kudai watoto wa kaka yao. Yule mama akakataa, na mwaka 1948 akawabatiza. Kesi ilikwenda miaka, watoto wakavushwa kwa siri hadi Hispania kwa msaada wa watawa na mapadri, na ilipofika 1953 tu ndipo waliporudishwa kwa ndugu zao na kupelekwa Israeli. Fikiria huo ukoo: Wanazi wamechukua wazazi, Wakristo wanataka kuchukua watoto. Mtu akiniuliza kwa nini Wayahudi wanashtuka wakisikia Mkristo anawakaribia wakati wa msiba, namweleza habari hiyo.

"Lakini Wayahudi ni wagumu tu, wamehubiriwa miaka 2000."

Mkuu, wamehubiriwa na nani, na akiwa ameshika nini mkononi? Mwaka 1096 wapiganaji wa msalaba walipopita Worms na Mainz waliwapa Wayahudi uchaguzi wa ubatizo au upanga, na wengi wakafa. Mwaka 1492 Hispania ikawaambia wabatizwe au wahame. Martin Luther, ambaye mimi kama Mlutheri namheshimu kwa mengi, mwaka 1543 aliandika kwamba masinagogi yao yachomwe, na Wanazi walikuja kuyatumia maandishi yale. Paulo alikuwa ameshatuonya watu wa mataifa katika Warumi 11:18 tusijisifu juu ya matawi yale, kwa maana si sisi tunaolichukua shina, bali shina ndilo linalotuchukua sisi. Tumeusoma mstari huo, tukaenda tukajisifu.

Nimpe sifa mtu mmoja aliyeelewa jambo hili mapema. Wengi mnamjua Corrie ten Boom wa Haarlem, Uholanzi. Wachache wanajua kwamba kaka yake Willem alikuwa mchungaji aliyewekwa na kanisa lake mahsusi kwa kazi kati ya Wayahudi. Miaka ya 1920 alikwenda Leipzig kusoma, na utafiti wake ukawa juu ya chuki ya rangi dhidi ya Wayahudi iliyokuwa inachipua Ujerumani. Yaani mtu ametumwa kuhubiri kwa Wayahudi, akagundua kwamba kwanza lazima awahubirie Wakristo. Familia hiyo ilikuwa na desturi ya kuwaombea Wayahudi tangu babu yao alipoianzisha mwaka 1844. Miaka 100 kamili baadaye, Februari 1944, wote walikamatwa kwa kuwaficha. Baba yao, mzee wa miaka 84, alikufa siku 10 baada ya kukamatwa. Dada yao Betsie alikufa katika kambi ya Ravensbrück. Willem mwenyewe alifariki 1946 kwa ugonjwa alioupata gerezani.

KIPANDE CHA TATU

Kuna dada amegusa jambo zito: "Mnaongea kana kwamba Wayahudi wote wako upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Wayahudi wanaomwamini Yesu wako wapi kwenye uzi huu?"

Asante dada yangu, hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Kazi hii kwa sehemu kubwa imebebwa na Wayahudi wenyewe. Isaac Feinstein alikuwa Myahudi wa Romania, mchungaji chini ya misheni ya Wanorwe katika mji wa Iași. Mwishoni mwa Juni 1941 askari, polisi na raia walianza kuwaua Wayahudi wa mji ule. Waliosalia wakashindiliwa kwenye mabehewa yaliyofungwa, katika joto, bila maji. Waliokufa ni zaidi ya 13,000. Feinstein alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyemuuliza kama amebatizwa.

Rafiki yake Richard Wurmbrand, naye Myahudi, ni yule aliyekuja kufungwa miaka 14 na wakomunisti. Jamaa za mkewe Sabina waliuawa katika kambi zilizokuwa chini ya Romania. Wurmbrand alisimulia kwamba wakati wa vita alikutana na askari aliyejigamba kuua Wayahudi katika eneo lile lile, akamkaribisha nyumbani kwake Bucharest usiku, akamwambia: mke wangu amelala chumba cha pili, ndugu zake waliuawa huko ulikokuwa, nitamwamsha, na utaona atakavyokupokea. Sabina aliamka, akaelezwa, akamkumbatia yule mtu akilia, kisha akamtengea chakula. Askari yule akatubu pale pale.

Wapendwa, hapo uinjilisti umegeuka. Wayahudi wawili wamempelekea Injili muuaji wa Wayahudi, ambaye kwa cheti alikuwa Mkristo tangu utoto. Kila nikisikia tunavyojipanga kwenda kuwaokoa Wayahudi, huwa nakumbuka nani alimwokoa nani katika nyumba ile ya Bucharest.

Na wanaoamini leo ndani ya Israeli wanaishi na hofu za pande mbili. Wanatumikia jeshi kama wengine, wanakimbilia mahandaki kama wengine, na bado baadhi ya majirani wanawaona wasaliti. Machi 2008 katika mji wa Ariel, kifurushi cha zawadi za sikukuu ya Purim kiliachwa mlangoni kwa familia ya mchungaji wao. Mtoto wa miaka 15 alikifungua, bomu likamlipukia. Aliyelitega alikuwa Myahudi mwenye msimamo mkali, na mahakama ya Israeli ilimhukumu. Kijana alipona baada ya upasuaji mwingi.

KIPANDE CHA NNE

"Na Gaza je? Au watoto wa kule si watoto?"

Swali la haki, na sitalikwepa. Ni watoto, kila mmoja. Mtu anayedai kuwapenda Wayahudi huku akishangilia nyumba zikiangukia familia za Gaza hajajifunza mapenzi hayo kwa Yesu. Hata ndugu zetu katika imani wako mle: Oktoba 2023 shambulio la anga lilipiga majengo ya kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porphyrius ambamo watu walikuwa wamejihifadhi, na Julai 2025 kanisa Katoliki la Familia Takatifu likapigwa pia. Jane Haining alikamatwa pamoja na mambo mengine kwa sababu aliwapelekea wafungwa wa vita vifurushi. Huruma yake haikuwa na mgao. Ila uzi huu ni juu ya sisi na Wayahudi, na nakataa kuutumia msiba mmoja kuufuta mwingine. Mwenye uchungu na Gaza afungue uzi, nitachangia huko kwa moyo wote.

Na tusidhani ugaidi dhidi yao ni habari za mbali. Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli iliyopokea watalii wa Kiisraeli huko Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, ililipuliwa. Waliuawa Waisraeli watatu na Wakenya wasiopungua kumi, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni. Damu ilichanganyika pale pwani yetu.

Mdau mwingine anauliza makanisa yanasemaje rasmi. Kwa ufupi: hayasemi kitu kimoja. Vatikani mwaka 2015 ilitoa waraka unaosema Kanisa Katoliki haliendeshi wala kuunga mkono misheni maalum ya kitaasisi kwa Wayahudi, ingawa waumini washuhudie imani yao kwa unyenyekevu. Sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani mwaka 2016 ilikataa misheni ya kuwageuza. Waanglikana wana chama chao cha tangu 1809, chenye Kanisa la Kristo karibu na Lango la Yafa huko Yerusalemu, na bado kinafanya kazi. Mimi siwezi kwenda na wanaosema tusimtaje Yesu kabisa kwa Myahudi, kwa sababu mitume wote walikuwa Wayahudi na walimtaja. Lakini nawaelewa Wajerumani. Kwa historia ile, kunyamaza kwao kuna heshima ndani yake.

MWISHO WA MASWALI KWA LEO

Kijana mmoja ameuliza kitu cha vitendo nami nitamjibu kwa vitendo: "Kanisa letu linakwenda hija Yerusalemu. Tumeambiwa tubebe vipeperushi tuwape wafiwa na waliohama makwao kusini, pamoja na fedha kidogo za msaada. Tufanyeje?"

Mdogo wangu, vitenganisheni hivyo vitu viwili kabisa. Kwanza kwa sababu ya sheria: tangu 1977 Israeli ina sheria inayokataza kumpa mtu fedha au manufaa ili abadili dini, na kifungo chake kinafika miaka mitano. Kuzungumza imani na mtu mzima hakujakatazwa, ila watoto wadogo msiwaguse bila wazazi wao. Pili, hata kama sheria isingekuwepo, mtu anayepokea blanketi na kijitabu kwa mkono mmoja hawezi kujua kwa nini umempa blanketi. Fedha zenu za msaada zipelekeni bila jina la kanisa juu yake.

Wafiwa mkiwakuta, fanyeni walichofanya rafiki za Ayubu siku saba za mwanzo, kabla hawajafungua midomo na kuharibu. Wayahudi wana desturi ya shiva, siku saba za kukaa matanga, mgeni anaingia bila kubisha hodi wala kuanza mazungumzo mpaka mfiwa aseme. Sisi watu wa matanga tunalijua hilo vizuri kuliko Wazungu wengi. Kaeni. Mkiulizwa kwa nini mmetoka mbali hivyo, semeni ukweli wote, kwamba ni kwa ajili ya Yesu, na msiombe radhi kwa jina lake. Msipoulizwa, nyanyukeni, muage vizuri, muende.

Na mchungaji wenu akisema hamkuleta ripoti ya walioongoka, mpeni habari ya matroni wa Budapest. Nitarudi jioni kujibu wengine.